Kujenga jumuiya ya watu wa ajaili Afrika Mashariki, kuanzia chumba kimoja

Ukitaka jumuiya ya kitaaluma itakayofika miji mitano, usianze na miji mitano. Anza na watu wasiozidi ishirini, chumba chenye ukuta mtupu, na siku moja ya mwezi isiyobadilika. Kongamano, nembo, tovuti na cheti cha usajili vina wakati wake, na wakati huo uko mbali kuliko waanzilishi wengi wanavyodhani. Kundi dogo likikosea, hasara yake ni chai na nauli. Kongamano la watu mia mbili likikosea, limekwisha na deni la ukumbi, na waandaaji hawasalimiani.

Ajaili (kwa Kiingereza Agile) tunayoizungumzia ni ile ya ilani iliyoandikwa na watu 17 waliokutana Snowbird, Utah, Februari 2001: kutoa kazi kwa vipande vidogo, kumwonyesha mtumiaji mapema, kusikia anachosema, kisha kujirekebisha. Skramu (Scrum), ambayo timu ndogo hufanya kazi kwa awamu fupi, na Kanbani (Kanban), ambayo kazi hupita kwenye ubao wa kadi, ni njia mbili tu za kuitekeleza. Ilani ilizaliwa kwa waandishi wa programu, lakini hapa kwetu wenye haja nayo ni wengi zaidi: wanaosimamia bidhaa benki, wanaoendesha miradi ya afya kwa fedha za wafadhili, watu wa mifumo halmashauri, walimu wa vyuo. Jumuiya ikiwa ya waandishi wa programu peke yao, itazungumzia zana usiku kucha na haitagusa mambo yanayokwamisha kazi kweli: mkataba wenye bei na orodha ya kazi vilivyofungwa tangu siku ya kwanza, bosi anayetaka tarehe kabla ya kujua kazi, na bajeti iliyopitishwa mwaka mzima mbele.

Watu watano wa kwanza

Tafuta watano, na watoke kwa waajiri watatu au zaidi. Sharti hili usilegeze. Wakitoka ofisi moja, jumuiya itaonekana mali ya ofisi hiyo, washindani wake hawatakanyaga, na siku ofisi ikihamisha watu wawili kila kitu kitasimama. Changanya kazi zao pia: mwandishi wa programu, mjaribu programu, mmiliki wa bidhaa (anayeamua kipi kijengwe kwanza), msimamizi wa miradi wa kawaida ambaye bado ana mashaka na ajaili (huyu ana thamani kubwa, kwa sababu maswali yake ndiyo ya wengi), na mmoja kutoka shirika lisilo la teknolojia.

Kikao chao cha kwanza kiishe na ukurasa mmoja wenye majibu manne: tunamsaidia nani, tunakutana siku gani, nini hatutafanya, na lini tutajiuliza kama inafaa kuendelea. Katika «hatutafanya» andikeni wazi kwamba jumuiya haiuzi mafunzo wala vyeti. Vyeti vina soko, na mtu akitaka mtihani wa Skramu atalipa na kuufanya mwenyewe mtandaoni. Jumuiya ikianza kuviuza, washauri wengine wote wa mjini wanageuka wapinzani wake, na wanachama wanageuka wateja. Mwongozo wa Skramu wa waasisi wake, Ken Schwaber na Jeff Sutherland, toleo la Novemba 2020, unapatikana bure. Usomeni pamoja, hakuna haja ya kumlipa mtu awasomee.

Siku, saa na mahali

Chagueni siku kwa mpangilio, kama «Jumatano ya pili ya kila mwezi», msiwe na tarehe za kuelea. Jumatano na Alhamisi hufaa. Ijumaa wengi wana swala na safari, na mwisho wa mwezi watu wa fedha wamefunga mahesabu. Saa 12 jioni hadi saa 2 usiku humpa mtu nafasi ya kutoka kazini na kukwepa msongamano mkubwa wa magari. Mwezi wa Ramadhani hamishieni kikao Jumamosi asubuhi, tangazeni mapema, na chai iachwe. Aliyefunga asikae huku wengine wakitafuna mbele yake. Msimu wa masika tarajieni watu wachache, na chagueni chumba kilicho karibu na kituo cha basi.

Tangazo liandike saa kwa namna mbili: «saa 12 jioni (18:00)». Mkiwa na wageni kutoka miji mingine, ongezeni ukanda wa saa, kwa sababu Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ziko saa moja mbele ya Kigali, Bujumbura, Goma na Lubumbashi. Mtu wa Kigali aliyezoea kusoma saa kwa Kiingereza au Kifaransa akiona «saa 2» peke yake, anaweza kuingia mkutanoni saa sita kabla au baada ya wenzake.

Mahali bora pa kuanzia ni chumba cha mikutano cha mwajiri wa mwanachama, chenye viti 20 vinavyohamishika. Meza kubwa iliyofungwa sakafuni huharibu kikao, kwa sababu watu hukaa kama bodi ya wakurugenzi na kusubiri mwenyekiti aseme. Siku moja kabla, mpelekeeni mlinzi wa getini orodha ya majina. Wageni wakizuiwa getini nusu saa, wengine hawatarudi tena.

Vifaa vya watu 20 ni vichache. Karatasi za kunata za sentimita 7.6 kwa 7.6, pakiti tatu za karatasi mia, rangi tofauti. Maka peni 20 na mbili za akiba, maana maandishi ya kalamu ya kawaida hayasomeki ukiwa mita mbili. Bango kitita moja, selotepu ya karatasi, na saa ya kuhesabu dakika (simu inatosha). Ukuta wa rangi ya mafuta au wenye vumbi haushiki karatasi za kunata. Bandikeni kwanza kurasa za bango kitita kwa selotepu, kisha karatasi ndogo juu yake. Mwonyesheni kila mmoja kuchomoa karatasi kwa upande, asiivute kutoka chini kwenda juu: ikivutwa juu inajikunja na kuanguka katikati ya mjadala. Chai lita tano, vitafunio 40, maji chupa 20 za nusu lita. Projekta iacheni. Ikiwepo, mtu atakuja na slaidi sitini.

Kwa kikao cha bure, waliojiandikisha hawaji wote. Andaeni kwa nusu hadi theluthi mbili yao.

Kikao chenyewe

Kwa miezi mitatu ya kwanza tumieni mtindo mmoja tu, nasi tunapendekeza Lean Coffee, ulioanzia Seattle mwaka 2009. Hauna mzungumzaji mkuu wala ajenda ya mapema, na huo ndio uzuri wake: mzungumzaji akighairi saa tisa mchana, kikao chenu hakitikisiki.

Kaeni meza za watu sita hadi wanane. Wakizidi wanane gaweni meza, kwani wa tisa na kuendelea huwa mtazamaji. Dakika 10 za kufika na kukaa, 5 za kueleza utaratibu. Kisha dakika 5 za kuandika kimya, kila mtu suala moja kwa karatasi moja. Dakika 10 kila mwenye suala alieleze kwa sentensi moja, bila mjadala. Dakika 5 za kura: kila mtu nukta mbili, anaweza kuzitia zote mahali pamoja. Suala lenye nukta nyingi linaanza. Lipeni dakika 8, kengele ikilia watu waonyeshe dole gumba: juu ni «tuendelee», chini ni «tosha». Wengi wakitaka, ongezeni dakika 4 na si zaidi. Kwa saa nzima meza itamaliza masuala matano hivi. Zibaki dakika 10 ambapo kila mtu anataja jambo moja atakalojaribu kazini kabla ya kikao kijacho, na dakika 15 za chai, ambazo mara nyingi ndizo zinazounganisha watu.

Kuandika kimya kwanza ni sehemu ambayo wawezeshaji wageni huiruka wakidhani inapoteza muda. Hapa kwetu ndiyo inayobeba kikao. Mdogo hampingi mkubwa mbele za watu, na kijana aliyemwamkia mkuu wake wa idara shikamoo mlangoni hatasimama dakika kumi baadaye kusema mpango wa idara haufanyi kazi. Karatasi yake itasema. Ongezeni kinga tatu: mkuu na watu wa timu yake wakae meza tofauti, mwenye cheo kikubwa mezani azungumze mwisho, na majina yatajwe bila vyeo vya kazi. Heshima ya umri ibaki kama ilivyo. Anayemwita mwenzake mama au mzee asikatazwe.

Lugha iamuliwe kila meza. Waliosomea kazi hii kwa Kiingereza huchanganya, na hakuna ubaya, ila angalieni nani amenyamaza tangu mjadala ulipohama. Mara nyingi ni yule anayefanya kazi yenyewe.

Watu wa benki mbili zinazoshindana wakikaa meza moja, mmoja ataogopa. Someni mwanzoni Kanuni ya Chatham House: unaruhusiwa kutumia ulichosikia, huruhusiwi kumtaja aliyesema wala mwajiri wake. Kisha iheshimuni hata kwenye picha. Anayepiga picha aombe ruhusa, na ukuta wenye karatasi za matatizo ya ofisi za watu usipigwe kabisa.

Kuna mgeni mmoja atakayekuja, tena mapema: mshauri anayetafuta wateja. Msimfukuze, huenda anajua mengi. Mpeni kanuni ile ile ya dakika 8, na mwambieni kwa upole nje ya kikao kwamba kadi za biashara ni za wakati wa chai.

Baada ya mwezi wa tatu

Sasa ongezeni aina mbili za vikao, mkizungusha na Lean Coffee.

Ya kwanza ni kliniki. Mwanachama mmoja analeta tatizo halisi la kazini. Dakika 10 anaeleza. Dakika 10 wengine wanauliza maswali tu, na mwezeshaji anakata kila swali lenye ushauri ndani yake («hujafikiria kufanya hivi?» ni ushauri uliovaa koti la swali). Dakika 20 wanashauriana wao kwa wao huku mwenye tatizo amewageuzia mgongo, akiandika bila kujibu. Dakika 5 za mwisho anasema atachukua lipi. Kugeuza mgongo kunaonekana kichekesho kwa dakika ya kwanza, lakini bila hivyo mtu atajitetea badala ya kusikiliza. Kwa saa mbili fanyeni kliniki mbili, si tatu. Mratibu amtembelee mwenye tatizo wiki moja kabla na kulipunguza liwe swali moja. «Wakubwa hawaelewi ajaili» halitatuliki kwa dakika 45. «Mkurugenzi anataka ripoti ya asilimia ya kazi kila Ijumaa, tumpe nini?» linatatulika.

Ya pili ni zoezi la mikono. Zoezi la sarafu hufundisha jambo moja, ukubwa wa fungu la kazi, vizuri kuliko hotuba yoyote. Watu wanne wakae mstari mmoja na sarafu 20. Kila mmoja anageuza sarafu zote kwa mkono asiouzoea, kisha anampa wa pili fungu zima, hadi wa nne anayemkabidhi mteja. Pimeni mambo mawili: sarafu ya kwanza ilimfikia mteja lini, na ya mwisho lini. Rudieni kwa mafungu ya 5, kisha moja moja. Kwa hesabu ya sekunde moja kwa kila kugeuza, fungu la 20 linampa mteja sarafu ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja katika sekunde ya 80. Mafungu ya 5 yanampa fungu la kwanza sekunde ya 20 na yote sekunde ya 35. Moja moja, ya kwanza sekunde ya 4 na ya mwisho ya 23. Mezani namba zenu zitakuwa kubwa kidogo kwa sababu kupokezana kunakula muda, na hilo lenyewe ni somo: ulizeni kazini kwenu kupokezana kunagharimu nini, maana pale ndipo fungu dogo linaposhindwa. Timu inayohitaji sahihi sita kwa kila badiliko haitafaidi vipande vidogo mpaka sahihi zipungue.

Hotuba za wageni zije moja kwa kila vikao vinne, dakika 20, maswali dakika 30.

Fedha na taarifa za watu

Miezi sita ya mwanzo chai na karatasi zilipwe kwa michango midogo ambayo waliohudhuria wanaituma kwa simu, na hesabu itangazwe kundini usiku uleule: kiasi kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Mdhamini akijitokeza, mwombeni alipe ukumbi au chakula moja kwa moja kwa muuzaji. Pesa taslimu mikononi mwa mratibu, hata akiwa mwaminifu kiasi gani, huzaa maneno. Mdhamini apewe dakika mbili za kujitambulisha na shukrani. Orodha ya namba za wanachama hapewi. Kenya na Uganda zina sheria za ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2019, Rwanda tangu 2021, na Tanzania ilipitisha yake 2022. Mtu alikupa namba ili apate tangazo la kikao, hakukupa ili auziwe kozi. Kusanyeni jina, namba na mji, basi.

Kundi la WhatsApp lianze baada ya kikao cha kwanza, kamwe si kabla, na liwe na waliofika. Tengeneza mawili: la matangazo, ambamo waratibu peke yao wanaandika, na la mazungumzo. Yakichanganywa, tangazo la kikao litazama chini ya salamu za asubuhi na nafasi za kazi, na wenye shughuli watalizima.

Kuvuka mpaka

Mji wa pili usianzishwe na ninyi. Subirini mtu wa Arusha, Kisumu au Kigali aombe, kisha mpeni masharti mawili: awe na waratibu watatu kutoka kwa waajiri tofauti, na wafanye vikao vitatu mfululizo mjini kwao. Wakivimaliza, wao ni kundi kamili lenye haki sawa na la kwanza. Hakuna makao makuu. Mji wa kwanza ukijifanya makao makuu, mivutano ya Nairobi na Dar mnayoijua itaingia humo, na makundi madogo yatajiona matawi.

Kinachounganisha ni simu moja ya waratibu kila mwezi, dakika 45, kwa sauti bila picha ili bando lisiliwe, na ubao mmoja wa mtandaoni wenye safu tatu: tunalotaka kufanya, tunalofanya, tulilomaliza. Safu ya kati isizidi kadi tatu kwa kanda nzima. Waratibu ni watu wenye kazi nyingine, na ubao wenye kadi kumi na tano katikati ni ubao ambao hakuna kinachokamilika. Kila kundi lilete jambo moja lililofaulu na moja lililokwama, kwa maandishi, siku mbili kabla ya simu.

Vikao vya mtandaoni vya kanda nzima vifanyike mara moja kwa robo mwaka, dakika 60, na kliniki ndiyo inayofaa zaidi. Lean Coffee ya watu arobaini mtandaoni hugeuka hotuba ya watu wanne.

Mkutano wa mwaka

Uje pale makundi matatu yanapokuwa na mwaka mmoja wa vikao. Arusha ni mahali pazuri: iko kati ya Nairobi na Dar, basi linafika kutoka Nairobi kupitia Namanga kwa siku moja, na ndipo yalipo makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo kumbi hazikosekani. Wakumbusheni wasafiri mapema kuhusu hati ya kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Tumieni Open Space, mtindo wa Harrison Owen wa miaka ya 1980, ambapo washiriki wenyewe wanajenga ratiba asubuhi ileile. Kwa watu 70, tengeni sehemu tano na vipindi vinne vya dakika 45, yaani mijadala 20, wastani wa watu 14 kila mmoja. Mwenye mada anaiandika, anaitangaza mbele ya duara na kuibandika kwenye jedwali la ukutani. Kanuni kuu ni ya miguu miwili: usipojifunza wala kuchangia, ondoka uende kwingine. Mwezeshaji aitangaze mara mbili, kwa sababu wengi wetu tumelelewa kuona kutoka mtu akizungumza ni utovu wa adabu.

Ukumbi upimeni kabla ya kulipa. Viti 70 katika duara moja, kila kiti sentimita 65, vinahitaji kipenyo cha mita 14.5. Ukumbi mwembamba ukiwa na mita 10, pangeni duara mbili, viti 30 ndani na 40 nje, mkiacha njia mbili za kupita. Duara tatu msifanye, maana ya nyuma watazungumza mambo yao.

Usajili, upimaji, na kukabidhiana

Sajilini mnapohitaji akaunti ya benki au mkataba kwa jina la jumuiya. Kabla ya hapo usajili hula miezi ya waratibu bila faida. Tanzania, chama cha namna hii huenda kwa Msajili wa Vyama, Wizara ya Mambo ya Ndani. Kenya kuna Sheria ya Vyama, Sura ya 108. Kila kundi lijisajili nchini kwake na muunganike kwa makubaliano ya ukurasa mmoja. Chombo kimoja cha nchi nne kinataka wakili na ada za kila mwaka ambazo kundi changa halina.

Pimeni mambo manne kila robo mwaka: wangapi wamerudi mara ya pili, masuala mangapi yaliletwa na watu wasio waratibu, waajiri wangapi tofauti wamewakilishwa, na mambo mangapi kati ya yale «nitajaribu» yalijaribiwa. Idadi ya watu kundini WhatsApp msiihesabu. Wanaorudi wakipungua robo mbili mfululizo, fanyeni kikao cha kutazama nyuma na wanachama wote, mkiuliza nini kiendelee, nini kikome na nini kijaribiwe, kisha badilisheni jambo moja tu ili mjue lipi limesaidia.

Mratibu akae miezi 12, na asiendeshe vikao zaidi ya viwili mfululizo. Miezi miwili kabla ya kuondoka amfundishe mrithi wake kwa kufanya pamoja. Kukabidhiana kunakokwama zaidi ni kwa laini ya simu. Laini husajiliwa kwa kitambulisho cha mtu, hivyo namba ya kupokelea michango na iliyofungua WhatsApp huwa kwa jina lake, si la jumuiya. Tangu mwanzo wekeni wasimamizi watatu kwenye kila kundi la WhatsApp, andikeni kwenye ule ukurasa wa waanzilishi laini imesajiliwa kwa jina la nani, na salio lisipite gharama ya vikao viwili. Siku ya kukabidhi, pesa zihamishiwe kwenye laini ya mratibu mpya mbele ya mashahidi wawili, namba mpya itangazwe kundini siku hiyohiyo, na ya zamani iondolewe kwenye matangazo yote.